Mizani Nane, Kali Nne

Kabla hamjanihukumu, naomba izingatiwe kwamba mimi pombe siijui. Si uchamungu. Nina vidonda vya tumbo tangu nikiwa chuo, na daktari alinipiga marufuku vitu viwili kwa mkupuo: kilevi na ndimu. Sasa panchi ya ramu, kwa wasioijua, ni kilevi na ndimu. Panchi, si pancha, ingawa mwisho wake ulifanana. Kwa hiyo siku ile nilitengeneza kitu ambacho hata mwiko wake nisingethubutu kuulamba.

Tunaishi kusini mwa London, sisi ghorofa ya juu, chini yetu bibi mmoja wa Barbados ambaye mtaa mzima humwita Anti. Alikuja Uingereza 1962 kusomea uuguzi. Marehemu mumewe alikuwa kondakta wa basi, mmoja wa vijana walioajiriwa kulekule kisiwani kuja kuendesha mabasi na treni za London, mpango ulioanza 1956. Tumekaa juu ya kichwa cha mama huyu miaka sita, wanangu wanaruka kama mbuzi wa Idi waliokwisha kuona kisu, na hajawahi kugonga dari. Mtu wa namna hiyo akikuomba jambo, unalifanya.

Katika sherehe zake zote anayechanganya panchi ni yeye mwenyewe. Lakini wiki tatu kabla hajatimiza miaka 80 aliteleza kwenye ngazi, mkono wa kulia ukafungwa hogo mpaka kiwikoni. Akaniita.

"Mwanangu, wewe una mikono miwili na akili. Utachanganya."

Nikamwomba aniandikie. Akanitazama kama niliyemwomba aniandikie Baba Yetu. Haiandikwi, akasema. Inaimbwa. Kila mtoto wa Barbados anaijua. Akaniimbia pale pale jikoni, akipigia mapigo kwa hogo juu ya meza: kichachu kimoja, vitamu viwili, vikali vitatu, vidhaifu vinne. Chachu ni ndimu. Tamu ni sukari iliyochemshwa na maji. Kali ni ramu. Dhaifu ni maji, au kwa watu wa siku hizi wanaopenda kujipendekeza, juisi za matunda. Mwisho matone machache ya ile dawa chungu ya Trinidad, na kungumanga ya kukwaruzwa juu.

Hapa ndipo balaa lilipoanzia, na halikuanzia kwenye chupa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Baba yangu alikuwa akipeleka mashairi gazetini, na nyumbani kwetu mtoto aliyetunga ubeti wenye kina cha kuazima alitazamwa kama aliyeiba kuku wa jirani. Anti alipokuwa akiimba, mimi sikusikia vipimo. Nilisikia ushairi. Tena ushairi wenye vina vya kuombaomba, kwa sababu kwa Kiingereza lile neno la "tamu" na lile la "dhaifu" yanakaribiana tu, hayafikiani. Nikapanda ngazi huku nalitafsiri ili nisilisahau. "Chachu moja, tamu mbili." Hesabu mwenyewe: mizani nane kamili. Mstari wa pili: "Kali tatu, maji nne." Mizani nane pia. Lakini kina? *Mbili* na *nne*? Baba angefufuka. Nikaligeuza huku na huku, na nilipofika mlangoni kwetu lilikuwa limekaa kama yai kwenye kiota:

*Chachu moja, tamu mbili,*
*Maji tatu, nne kali.*

*Li* kwa *li*. Nane kwa nane. Kwamba nimesema maji "tatu" badala ya "matatu", hilo wenye sarufi zao watanisamehe, ni uhuru wa mshairi. Jambo la pili nililolifanya kwa uhuru huohuo ndilo lisilosameheka, nami sikuliona. Nililiandika kwa kalamu nene, nikalibandika kwenye kabati la jikoni. Mke wangu akasoma, akasema, "Zuri." Yeye ni mtu wa Mwanza, kwa mambo ya vina sikumtarajia zaidi ya hapo.

Ijumaa nikaenda dukani. Anti alinipa fedha taslimu za chupa tatu za lita moja, ramu ya dhahabu ya kwao, na hotuba: kwamba Barbados ni kisiwa kisichofika hata nusu ya Pemba, lakini kina kiwanda cha ramu ambacho hati zake zinarudi hadi 1703, na kwamba kisiwa fulani kikubwa kilichoko magharibi ya kwao kinapiga kelele nyingi kuliko ujuzi wake. Nikaitikia. Kufika kwenye rafu nakuta ya dhahabu imeandikwa 40%, na pembeni yake ipo nyeupe ya Jamaika, 63%. Mimi nimefanya mitihani ya taifa Tanzania. Kwetu 40 ni D. Sitini na tatu ni C inayonusa B. Unampelekeaje mama wa watu D siku anayotimiza miaka 80?

Nikachukua nyeupe. Halafu nikakumbuka ubeti: nne kali. Fedha ni ya chupa tatu. Nikasimama katikati ya duka moyo ukiniuma. Masikini Anti, hesabu zimeanza kumkimbia. Nikaongeza chupa ya nne kwa fedha yangu, na nikajiona mtu mwema sana.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na ndoo mpya ya lita 20, jagi la lita moja, na ndimu ambazo baada ya ya thelathini niliacha kuzihesabu. Kama una mchubuko wowote kidoleni ambao ulikuwa huujui, lita moja ya ndimu itakuonyesha ulipo. Sukari nilikuwa nimeichemsha usiku. Juisi nikafanya mchanganyiko wangu: nanasi, embe na chungwa, na kidogo sharubati ya komamanga ili rangi iwe kama jua linalotua nyuma ya Usambara. Jagi tatu, si zaidi, kama ushairi unavyotaka. Kisha chupa nne, moja baada ya nyingine. Mvuke uliopanda ulinitoa machozi. Nikasema hizi ndimu za London kali kweli.

Kungumanga nilikuwa nayo yangu, ya Unguja. Siku moja kabla tulibishana na Anti, yeye akisema kungumanga ni ya Grenada, nchi iliyoiweka mpaka kwenye bendera yake. Nikamnusisha ya kwetu. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Hiyo inaweza kupita." Nilishangilia mpaka nikasahau kuuliza mengine. Wapo wasemao neno panchi lenyewe ni *panch* la Kihindi, yaani tano, kwa vitu vyake vitano: chachu, tamu, kali, dhaifu na kiungo. Mimi nilikuwa na vyote vitano. Tatizo lilikuwa ngapi ya kipi.

Kuonja siwezi, kwa hiyo nikamwita mke wangu. Akanywa funda.

"Mbona kama juisi tu?"

Ndivyo sukari na embe vinavyofanya: vinamshika mkono mtu mkali, vinamvisha kanzu nyeupe, vinamtambulisha kama ustadhi. Akanywa funda la pili kuhakikisha. Akaenda kujilaza kidogo, na hakuonekana tena mpaka saa kumi jioni.

Wageni walijaa bustani ya nyuma, hamsini hivi, wengi wao wa umri wa Anti: akina mama wa kanisani na kofia zao, wastaafu wa mabasi, wauguzi wa zamani. Nikaambiwa chakula ni "kuku" na samaki warukao. Nikaenda na sahani yangu kuchukua kuku, nikapewa ugali. Ugali kabisa, wa mahindi, umesongwa na bamia, wanauita kuku! Nilikula nikitaka kulia kwa furaha. Pembeni chini ya mti wazee wanne wanacheza dhumna, wakizipiga kete mezani kwa kishindo kilekile cha baraza za Ngamiani. Nikajiona niko nyumbani. Nikashika upawa, nikaanza kugawa.

Glasi ya kwanza, sifa. "Ina matunda hii!" Glasi ya pili, sifa zaidi, kwa sauti kubwa zaidi. Mama mmoja ambaye alinitangulizia kusema yeye kilevi hagusi, akaniomba vipande vya nanasi tu vilivyokuwa vinaelea. Nikampa bakuli. Akarudi na bakuli. Mara ya tatu akarudi bila kofia.

Mchungaji wao alikuwa amekwisha kuombea chakula. Akasimama akakiombea tena, kwa kirefu, akataja na bamia. Mzee mmoja, ambaye tangu Barbados ilipokuwa jamhuri mwaka 2021 amekuwa akitutangazia kwenye ngazi kwamba wamechelewa miaka hamsini, alisimama kwenye kiti akaimba wimbo wa kumwombea Malkia, beti zote, huku machozi yanamtiririka, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumkumbusha kwamba mwenyewe hayupo tena. Kwenye dhumna mtu alipiga sita-sita kwa nguvu, mguu wa meza ukatoka. Wakaendelea kwenye majani. Nilipopita baadaye wawili kati yao walikuwa wamelala na kete mkononi, na inasemekana ndio waliokuwa wanaongoza.

Mimi nikaona ni furaha ya kawaida ya watu wa visiwani. Nilijisemea, kumbe hawa wenzetu wanajua kusherehekea.

Anti alikuwa ndani muda wote huo, wanamvisha, hogo halipiti kwenye mkono wa gauni. Alipotoka, bustani ikashangilia, baadhi wakiwa wamekaa kwa sababu kusimama kulikwisha kuwashinda. Akatazama. Huyu ni mama aliyefanya kazi wodini miaka arobaini, anajua kumsoma mgonjwa kutoka mlangoni. Akaja moja kwa moja kwenye ndoo. Akanyoosha mkono mzima. Nikamjazia.

Alionja kidogo. Akakiacha kile kitu kikae mdomoni. Akameza, akafumba macho.

"Mwanangu. Niimbie ule wimbo."

"Wa Kiingereza?"

"Uliouimba wakati unachanganya."

Nikamwimbia kwa Kiswahili, kwa mahadhi kabisa, maana palikuwa na hadhira. Watu wakapiga makofi. Akasema, "Sasa nihesabie kwa vidole." Nikanyoosha kimoja: ndimu. Viwili: sukari. Vitatu: juisi. Vinne...

Vidole vinne vikabaki hewani. Niliviona mimi mwenyewe, nikaviona vinaniangalia.

"Vinne nini?"

"Anti, ni kwa sababu ya kina."

"Kina gani?"

Jaribu wewe kumweleza mwanamke wa Barbados, siku ya kuzaliwa kwake, mbele ya mchungaji aliyelala, kwamba *nne* haikubali kukaa mwisho wa mstari chini ya *mbili*. Nilijitahidi. Nilitaja na mizani. Akauliza kama ninazo chupa. Nikamletea. Akasoma 63, akageuza, akasoma neno Jamaika. Naapa hilo la pili lilimuuma kuliko la kwanza.

Mpwa wake, mwalimu wa hesabu, ambaye alikuwa amechelewa na kwa hiyo alikuwa bado na akili zake, alipiga hesabu nyuma ya leso ya karatasi. Sehemu tatu kwa kumi za ramu ya 40: asilimia 12, sawa na mvinyo wa kawaida. Sehemu nne kwa kumi za 63: asilimia 25. Akasema, "Ni kama kila mtu amekunywa na kivuli chake." Akapita akikusanya funguo za magari.

Anti hakunigombeza. Aliamrisha. Ndoo ilikuwa imebaki nusu, nikaagizwa kuijaza kwa juisi na barafu mpaka irudi ilivyokuwa asubuhi. Mchungaji akaamka wakati namimina, akatazama ndoo iliyokuwa inaisha sasa inajaa, akasema kwa utulivu kwamba kule Kana maji yaligeuka divai, hajawahi kusoma popote divai ikirudishwa kuwa maji. Akalala tena. Sherehe ikaenda mpaka saa sita usiku, kwa kuwa nilikuwa nimetengeneza, bila kukusudia, panchi ya sherehe mbili. Wawili walilala sebuleni kwetu. Yule mama wa nanasi alirudi keshokutwa kuulizia kofia, na akiwa mlangoni akauliza, taratibu, kama yale matunda yalibaki.

Karatasi yangu ya ubeti Anti aliiomba. Nilidhani ameipenda. Ameibandika kwenye friji yake, na kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado kwenye hogo, amekata mstari wa pili na kunitaka nimwandikie juu yake ulio sahihi: *kali tatu, maji nne*. Kila nikishuka kuazima chumvi naukuta pale, kina kimekatika kama mguu wa ile meza, na najua jina langu liko chini yake.

Mwaka huu ameshaondolewa hogo, atachanganya mwenyewe. Mimi nimepewa kazi ya barafu. Nikamuuliza kiasi gani.

"Jaza beseni," akasema.

Hakusema beseni la ukubwa gani.