Mama Akifa, Nani Anamlea Mhusika?

Chukua kauli ya aina inayopendwa na watahini wa fasihi: "Kumpoteza mzazi ndiko kunakomkomaza kijana. Jadili kwa kurejelea riwaya." Katika madarasa ya Kisumu, Nakuru au Bungoma, jibu la haraka huwa na hatua tatu: mama alikufa, mtoto akateseka, mtoto akakomaa. Kisha methali inapachikwa mwishoni: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Kasoro inaanzia kwenye methali yenyewe. Inamhusu aliyekosa mafunzo, si aliyekosa mama. Hao ni watu wawili tofauti, na mjadala wote umelala katika tofauti hiyo.

Tuanze na Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Msanifu Kombo analelewa Tanga na mama peke yake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarab. Mama anafariki, na baadaye kijana anashika njia hadi Kitale kumtafuta baba yake, Juma Mukosi. Wanaosema kifo ndicho mlezi wana hoja nzito hapa. Mama angalikuwa hai, pengine safari isingekuwapo; na bila safari, Msanifu angebaki mtoto wa mtaani kwao anayesimangwa kwa kukosa baba. Msiba unamvua paa, na asiye na paa hulazimika kuamua mwenyewe alale wapi, amwamini nani, aondoke lini.

Hoja hiyo inaeleza msuko vizuri. Haimwelezi mhusika. Kifo kinamtoa kijana nyumbani. Hakimfundishi jinsi ya kutembea. Ufasaha uliompa Msanifu jina la Kongowea Mswahili ni vigumu kuutenga na nyumba ya mwanamke aliyeishi kwa kuimba. Anaposafiri, anasafiri na mali aliyoachiwa, ila mali hiyo ni lugha.

Hata hivyo, wanaompa mama sifa zote nao wapunguze mwendo. Riwaya hii inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na msimulizi ni mtu aliyekwisha kukua. Zainabu tunayemwona ni Zainabu wa kumbukumbu ya mtoto aliyefiwa, na aliyefiwa huchagua anachokikumbuka. Msomaji makini huuliza: mama huyu angeonekanaje kama angesimuliwa na jirani?

Kisha kuna Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), iliyowekwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, ziwa hili hili letu, upande wa Tanzania. Hapa baba hajafa. Zakaria yuko nyumbani, mlevi na mkali, na anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Anadhani anamlinda. Kumbe anamnyima nafasi ya kujifunza kukataa, kukubali na kupima maneno ya mwanamume angali karibu na kwao. Rosa anafika chuoni Morogoro akiwa amekua kimwili, huku uamuzi wake ukiwa bado wa mtoto, na mwishowe anajiua. Huyu alikuwa na wazazi wote wawili, na ulimwengu ukamfunza kwa bei ya juu kabisa. Kwa maoni yangu, hakuna riwaya ya Kiswahili inayoiumiza zaidi nadharia ya kwamba mzazi hai ni kinga.

Mila za magharibi mwa Kenya zinasema jambo ambalo riwaya za yatima mara nyingi hulipita. Kijana wa Kibukusu anayeingia tohara, Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, hupiga kengele akiwaalika jamaa. Huenda kwa mjomba, achinjiwe ng'ombe na kuvishwa kipande cha nyama shingoni. Alfajiri hupakwa tope mtoni, kisha hurudi kusimama uani kwa baba. Baba akiwa marehemu, ndugu zake husimama badala yake. Yaani ubaba ni kiti, na kiti hakiachwi wazi. Mwandishi wa riwaya ya yatima hukiacha wazi kwa makusudi, au humkalisha pale ami mlafi, kwa kuwa anataka kuona kijana atafanya nini asipokuwa na wa kumshika mkono. Ukisoma, usiupite uchaguzi huo wa mwandishi kana kwamba ndivyo maisha yalivyo.

Marjorie Oludhe Macgoye, katika Coming to Birth, riwaya yake ya Kiingereza ya 1986, anaupindua msiba. Paulina, mke aliyeolewa akiwa na miaka 16, anampoteza mwanawe katika risasi zilizofyatuliwa Kisumu Oktoba 1969 wakati wa ziara ya rais. Hapa mzazi ndiye anayefiwa, na mzazi ndiye anayekua. Kinachombeba ni kazi yake na mshahara wake zaidi ya chochote alichorithi kwa mama.

Kwa mwanafunzi, njia ya kutoka ni jedwali la safu tatu. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, katika KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya) ina maswali 4 ya alama 20 kwa saa 2 na nusu, yaani dakika 37 hivi kwa swali. Tumia 5 kulichora. Safu ya kwanza: mzazi alimpa nini kabla ya msiba, iwe ujuzi, neno, hofu au deni. Ya pili: baada ya msiba, nani alikalia kiti. Ya tatu: uamuzi wa kwanza ambao hakuna aliyemwagiza mhusika. Wengi hujaza safu ya pili kwa mateso, ukurasa mzima, na kuiacha ya tatu tupu; ndipo alama zinapopotelea, maana mateso yanaonyesha alichotendewa tu.

Kwa Msanifu, safu ya tatu inajazwa na njia ya Kitale. Kwa Rosa, kalamu inasita: karibu kila anachofanya chuoni ni jibu kwa fimbo ya Zakaria, hata kama Zakaria yuko mbali, ng'ambo ya maji.