Asiyefika Mpira Hakosei: Jinsi ya Kusoma PO, A na E katika Besiboli

Mwaka 1984 Steve Garvey, mlinzi wa besi ya kwanza wa San Diego Padres, alimaliza msimu bila kosa hata moja. Asilimia yake ya ulinzi ilikuwa 1.000, na hapo hakuna pa kupanda tena. Lakini Garvey alijulikana pia kwa mkono dhaifu wa kurusha. Mlinzi anayeubana mpira kwenye glavu yake badala ya kuutupa besi ya pili hawezi kuandikiwa kosa la kurusha. Mkimbiaji atafika salama, na kitabu cha mchezo hakitasema neno. Je, herufi zinazojaza safu za takwimu za ulinzi zinapima ubora, au zinapima tahadhari?

Tuanze na herufi zenyewe, kwa sababu mabishano mengi huzaliwa na watu wanaosoma safu moja kwa maana mbili. PO ni putauti: huandikiwa mchezaji aliyeikamilisha auti (kumtoa mchezaji wa upande unaopiga), yaani aliyedaka mpira wa juu kabla haujagusa chini, aliyekanyaga besi akiwa na mpira wakati mkimbiaji analazimika kwenda hapo, au aliyemgusa mkimbiaji kwa mpira. A ni asisti: huandikiwa kila aliyerusha mpira au kuupunguza kasi kwa kuugusa kabla auti haijakamilika. Mchezaji hupata asisti moja tu kwa auti moja, hata kama mkimbiaji amenaswa kati ya besi mbili na mpira umepita mikononi mwake mara tano. E ni kosa. Jumla ya hizo tatu ni TC, yaani nafasi zote alizopata, na FPCT, asilimia ya ulinzi, ni PO jumlisha A, gawanya kwa TC. Katika ligi kuu ya Marekani wastani wa miaka ya karibuni unazunguka 0.985.

Namba za nafasi nazo zina mtego wake. Mtupaji ni 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu) 6, kisha uwanja wa nje kutoka kushoto kwenda kulia ni 7, 8 na 9. Hazihusiani na namba za jezi. Kwa hiyo E6 kwenye kadi ni kosa moja la shotistopu, si makosa sita. Auti mbili kwa mpigo za 6-4-3 zinampa shotistopu asisti moja, mlinzi wa besi ya pili putauti moja na asisti moja, na mlinzi wa besi ya kwanza putauti moja. Wote watatu wanaongezewa DP, yaani auti mbili kwa mpigo. Herufi RF ndiyo inayochanganya kuliko zote: kwenye safu ya nafasi ni uwanja wa kulia, kwenye safu ya takwimu ni kipimo cha ufikaji. SB nayo, ikionekana kwenye ukurasa wa mdakaji, si sifa. Ni besi zilizoibwa yeye akiwa nyuma ya mpigaji, na huenda pamoja na CS, wezi waliotolewa.

Wanaoitetea asilimia ya ulinzi wana hoja ambayo haifai kubezwa. Kosa ni jambo lililotokea, liliandikwa siku hiyo hiyo, na mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kulihesabu tena miaka mia baadaye. Pia linagusa hesabu nyingine: mkimbio (pointi) uliofungwa kwa sababu ya kosa hauhesabiwi kwenye wastani wa mtupaji. Na kwa mlinzi wa ndani, uhakika wa mikono ni kazi halisi. Kocha anayetafuta mtu wa kumlinda mtupaji katika iningi (kipindi cha mchezo) ya tisa, mkimbiaji akiwa besi ya tatu, anataka kwanza mtu asiyedondosha mpira rahisi.

Udhaifu upo kwenye neno lenyewe la kosa. Kanuni ya 9.12 inampa mwandishi rasmi wa mchezo kazi ya kuamua kama mlinzi angeweza kuipata auti kwa juhudi za kawaida. Uzembe wa mawazo, kama kurusha besi isiyo sahihi, kwa kawaida si kosa. Kuufikia mpira kwa kuchelewa si kosa. Mrusho mbovu wa kutafuta auti ya pili kwa mpigo si kosa, kwa sababu auti hiyo haichukuliwi kuwa ya uhakika; mrushaji huandikiwa kosa pale tu mpira unapopotea kiasi cha kumpa mkimbiaji besi ya ziada. Halafu kuna mlinzi wa besi ya kwanza anayeinama na kuokota mpira mbovu uliodunda mbele yake. Akifaulu, mlinzi wa besi ya tatu aliyerusha anapata asisti safi. Akishindwa, mrushaji huyo huyo anapata kosa. Mrusho ni mmoja, lakini rekodi zinatofautiana kwa glavu ya mtu mwingine.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Shotistopu wawili, kila mmoja iningi 1,200. Wa kwanza ana PO 200, A 400, E 9. Asilimia yake ni 600 gawanya 609, yaani 0.985. Wa pili ana PO 230, A 460, E 18: 690 gawanya 708, yaani 0.975. Kwa asilimia pekee, wa kwanza ni bora bila ubishi. Sasa leta kipimo cha ufikaji kilichobuniwa na Bill James: PO jumlisha A, mara 9, gawanya kwa iningi. Wa kwanza anapata 4.50, wa pili 5.18. Aliyekosea mara 9 zaidi ameshiriki auti 90 zaidi.

Hapa wengi husherehekea mapema na kumtangaza wa pili. Ngoja kidogo. Iningi 1,200 zina auti 3,600, na auti zinazotokana na mpigaji kukosa straiki ya tatu hazimpi shotistopu chochote. Tuseme watupaji wa timu ya kwanza waliwatoa wapigaji 1,230 kwa njia hiyo, na wa timu ya pili 990. Auti zilizobaki kwa walinzi ni 2,370 upande mmoja na 2,610 upande mwingine. Shotistopu wa kwanza ameshiriki asilimia 25.3 ya hizo, wa pili asilimia 26.4. Wa kwanza angekuwa na kiwango cha mwenzake, angefika kama 627 badala ya 600. Pengo la 90 limeshuka hadi takriban 27. Na bado hatujauliza watupaji wa nani wanasababisha mipira mingi ya chini, wala kama wapigaji wengi walikuwa wa mkono wa kulia, ambao kwa kawaida huivuta mipira ya chini kuelekea upande wa shotistopu.

Kuna kosa la kimahesabu linalofanywa hata na watu wazoefu katika hatua hii. Baada ya kuona auti 27 za ziada, wanatoa yale makosa 9 zaidi na kusema faida halisi ni 18. Huko ni kumwadhibu mtu mara mbili. Mpira uliodondoshwa tayari haumo kwenye PO wala A. Auti zile ni zile zilizobaki baada ya makosa. Kinachostahili kuongezwa kwenye hasara ni besi za ziada tu, kwa mfano mrusho uliopita juu ya besi ya kwanza na kumpeleka mkimbiaji hadi ya pili. Ukielewa hilo, utaona kwa nini mimi siioni E kuwa mzani wa pili upande wa pili wa PO na A. Kwa kiasi kikubwa ni maelezo ya namna auti ilivyopotea: mpira uliguswa ukaponyoka, badala ya kupita mita moja kando.

Wadakaji ndio wanaobebwa zaidi na asilimia. Kila mpigaji anayekosa straiki ya tatu na mpira ukadakwa humpa mdakaji putauti, huku mtupaji akikosa hata asisti. Mdakaji mwenye PO 950, A 60 na E 6 ana 0.994. Ondoa putauti 900 za straiki ya tatu, kazi ambayo karibu kila mdakaji wa kiwango hicho anaifanya, na unabaki na 110 gawanya 116, yaani 0.948. Zaidi ya hayo, mpira unaompita mdakaji huandikwa PB ikiwa alipaswa kuuzuia, au WP ikiwa mtupaji aliutupa vibaya. Hakuna kati ya hizo inayoingia kwenye E. Kwa hiyo FPCT ya mdakaji haigusi kabisa kazi yake ngumu ya kuzuia mipira inayodunda mbele yake.

Uwanja wa nje unageuza mantiki kwa namna nyingine. Asisti nyingi huonekana kama dalili ya mkono mkali, na mara nyingi ni kweli kwa msimu mmoja au miwili. Baadaye wakimbiaji wanajua. Wanasimama besi ya tatu badala ya kujaribu nyumbani, na asisti zinapungua huku mkono ukiwa umeokoa mikimbio ileile. Safu ya A haiwezi kutofautisha mkono unaoogopwa na mkono usiofanya kitu.

Tuzo nazo zimewahi kuonyesha hatari ya kutegemea macho na sifa. Gold Glove, tuzo ya walinzi bora, ilianza mwaka 1957, na kwa miaka mingi ilitegemea kura za mameneja na makocha. Mwaka 1999 Rafael Palmeiro aliipata kwa besi ya kwanza baada ya kulinda nafasi hiyo mechi 28 tu. Muda mwingi alikuwa mpigaji tu, asiyelinda. Derek Jeter alizipata 5 akiwa shotistopu, ilhali vipimo vya ufikaji vilimweka mara kwa mara chini ya wastani wa nafasi yake. Tangu 2013 sehemu ya robo ya uamuzi inatokana na fahirisi ya takwimu.

Upande wa vipimo vipya una nguvu zake na kiburi chake. DRS (mikimbio iliyookolewa na ulinzi) na UZR (ukadiriaji wa ulinzi kwa maeneo ya uwanja) huuliza swali tofauti: mpira uliopigwa mahali hapa, kwa aina hii, hugeuzwa auti mara ngapi na mlinzi wa kawaida? Majibu hutolewa kwa mikimbio iliyookolewa juu au chini ya sifuri, na kwa kawaida mikimbio 10 huhesabiwa kuwa ushindi mmoja. OAA (auti juu ya wastani), inayotumia mfumo ulioanza na kamera na rada katika viwanja vyote vya ligi kuu mwaka 2015, huenda mbali zaidi: inapima mlinzi alisimama wapi, alipaswa kwenda umbali gani, na alikuwa na muda gani. Mpira wenye uwezekano wa asilimia 25 ukidakwa, mlinzi anapata 0.75, usipodakwa, anapoteza 0.25 tu. Hapo hatimaye asiyefika mpira rahisi anatozwa, na anayejaribu mgumu hanyongwi.

Lakini mtu akitaja +6 ya nusu msimu kana kwamba ni urefu wa mtu uliopimwa kwa futi, usimwamini haraka. Mipira migumu kweli ni michache, mingi ni ya kila siku, kwa hiyo tofauti kati ya walinzi wawili hutegemea matukio machache. Wachambuzi wa UZR wamezoea kushauri misimu mitatu kabla ya kutoa hukumu. UZR iliiacha kando mipira iliyochezwa walinzi wakiwa wamehamishwa upande mmoja, na uhamishaji huo ulikuwa wa kawaida sana hadi kanuni za 2023 zilipolazimisha walinzi wawili wa ndani kila upande wa besi ya pili. OAA kwa kuanzia pale mlinzi aliposimama inaondoa sifa ya kuchagua mahali pazuri pa kusimama, jambo ambalo wakati mwingine ni la mchezaji na wakati mwingine ni la kocha. Tena katika DRS na UZR sifuri ya shotistopu si sifuri ya besi ya kwanza, kwa kuwa kila mmoja hulinganishwa na wenzake wa nafasi yake. Vipimo viwili vikipingana juu ya mtu mmoja, mara nyingi havipimi kitu kimoja.

Msimamo wangu ni kwamba palipo na kamera, FPCT ishuke iwe tanbihi. Lakini sehemu kubwa ya besiboli duniani huchezwa bila rada: shuleni, vilabuni, ligi za vijana. Huko PO, A na E ndizo zilizopo, na kuzikataa kwa sababu hazijakamilika ni kubaki na kumbukumbu za kocha peke yake. Dawa ni kuandika vizuri zaidi. Mwandishi wa kadi aandike iningi za kila mchezaji kwa kila nafasi, si mechi tu, kwa sababu aliyeingia iningi ya nane huhesabiwa mechi nzima. Atenganishe makosa ya kurusha na ya kudaka, kwa mfano E6 yenye alama ndogo ya R au D. Aandike kila hiti (mpira uliopigwa ukamfikisha mpigaji salama besini) ilipita wapi: hiti iliyopita kati ya besi ya tatu na shotistopu iwekwe 56, iliyopita kati ya ya kwanza na ya pili iwekwe 34. Baada ya mechi 20, safu hiyo ya mipira iliyopita itakuwa na habari ambayo E haijawahi kuwa nayo, na kalamu iliyoiandika ni ileile.