Mguu Juu ya Bomba la Pantoni

Siku ya miguu kwenye jimu yetu ya Chikongola, Mtwara, haina huruma. Vyuma vyenyewe ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, na la kulia siku zote ni zito kuliko la kushoto. Jumamosi ile tulipiga skwoti, tukanyanyua zege toka chini, kisha tukarudia skwoti kwa sababu kocha alimwona mtu anatabasamu.

Kocha ana masharti yake. Kabla ya zoezi ni kubembeza miguu na kuzungusha nyonga, mwili upate moto. Baada ya zoezi ni kujinyoosha kwa kutulia, sekunde 20 hadi 30 kila msuli, bila kudundadunda, na unanyoosha ulichokifanyisha kazi. Umechuchumaa na zege? Vuta kisigino matakoni, mapaja ya mbele yalegee. Umenyanyua toka chini? Nyoosha nyuma ya paja. Wapo wanaodhani kujinyoosha kunafuta maumivu ya kesho yake. Wapi! Mwili uliobeba zege utauma tu, tena siku ya pili ndiyo utaomba fimbo ya kutembelea. Unajinyoosha ili nyonga isigande.

Nilikuwa nawahi pantoni ya Msangamkuu, shangazi kaniita chakula cha mchana, nikaamua nitajinyooshea humohumo. Sasa nichague lipi? Kuvuta kisigino kwenye chombo kinachoyumba, utaangukia mikungu ya watu. Kukaa chini ukakunja mguu mmoja mbele kwa ajili ya nyonga, pale sakafuni palikuwa na maji ya samaki na pikipiki inayovuja oili. Ikabaki nyuma ya paja: kisigino juu ya bomba la ukingo, goti limenyooka, unainama mbele taratibu. Mpaka leo nasema hakukuwa na chaguo bora kuliko hilo. Nikatafuta kona, nikawapa abiria mgongo, nikaikabili bahari, nikaanza kuhesabu.

Sijafika hata ishirini, kigimbi cha mguu niliousimamia kikakaza. Kigimbi! Ambacho siku hiyo hakuna aliyekigusa! Kikajikusanya kikawa kigumu kama kifuu. Mguu wa juu siwezi kuushusha, wa chini siwezi kuukunja. Mkono mmoja umeng'ang'ania bomba, wa pili umeikamata bukta kwa mbele kwa uchungu, na mdomoni natoa "sssss".

Sasa wewe nitazame kwa nyuma.

"Jamani, huyu kijana anakojoa!" Alikuwa bibi mmoja mwenye kapu la nyanya. Akajifunika khanga usoni, kisha akaifunua kidogo apate uhakika.

"Nnongo, si ungevumilia tufike?" akasema jamaa wa bodaboda. Mwenzake hakusema kitu, alihamisha tu gunia lake la unga akaliweka upande ambao upepo hauelekei.

"Msuli!" nikapiga kelele bila kugeuka. "Msuli umekaza!"

"Ukakazie kwenu huko!" akajibu bibi.

Aliyenifuata ni mzee mmoja mwembamba, nahisi mpira kauchezea sana pale uwanja wa Nangwanda Sijaona enzi zake, maana hakuuliza swali hata moja. Aliushusha mguu wangu kutoka kwenye bomba, akanikalisha juu ya gunia lilelile la unga (mwenyewe akaguna), akaninyoosha goti, akavishika vidole vya mguu na kuvisukuma vielekee kwangu. Polepole, bila kudundadunda. Kocha angemwajiri. Kigimbi kikaanza kulegea, na mimi ndipo nikakumbuka adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akanipigapiga begani, akashusha sauti watu wasisikie. "Siku nyingine maliza haja kabla hujapanda."

Pantoni ilipogusa ng'ambo, yule wa bodaboda alikuwa wa kwanza kutoka. Mimi nilifuata kwa miguu, nachechemea, jasho na mchanga. Kwa shangazi niliwakuta majirani watatu zaidi ya kawaida, wote wanachambua mchele ambao ulishachambuliwa. Shangazi hakusubiri hata nimwamkie.

"Choo kile pale nyuma, mwanangu. Maji nimeshakutilia kwenye ndoo."