Nani Atie Saini Ripoti ya Mtumishi Aliyeumia?

Tuseme msambaza barua wa serikali kuu ya Marekani ameteleza kwenye ngazi zenye barafu, kifundo cha mguu kimevimba, na kliniki pekee iliyo karibu na mji wake mdogo inaendeshwa na muuguzi mbobezi, mwenye leseni ya jimbo ya kupima, kuandika dawa na kuagiza eksirei. Muuguzi atamtibu, na huenda akamtibu vizuri. Tatizo huanza anapojaza ripoti. Sheria ya fidia ya watumishi wa serikali kuu, iliyotungwa mwaka 1916, kwa miongo mingi iliwatambua madaktari, wakiwemo wa meno na wanasaikolojia tiba, lakini si wauguzi hao wala madaktari wasaidizi; maandishi yao hayakuwa ushahidi mpaka daktari atie saini. Wakati huohuo siku zinahesabika: majeruhi huendelea kulipwa mshahara kwa hadi siku 45, ila mwajiri anaweza kuusitisha asipopata ushahidi wa tiba ndani ya siku 10.

Muswada wa kuwatambua watoa huduma hao ulipitishwa na Baraza la Wawakilishi Juni 2022, Bunge lile likamaliza muda wake kabla haujawa sheria, ukarejeshwa 2023. Kwa msomaji wa Tanzania, ambako zahanati ya kijijini huongozwa na tabibu na hakuna anayeshangaa, ubishi huu unaweza kuonekana wa ajabu.

Hata hivyo, madaktari wanaoupinga muswada huo hawatetei maslahi ya taaluma yao tu. Ripoti ya fidia si cheti cha kupumzika. Ni lazima ieleze kitabibu jinsi kazi ilivyosababisha maradhi, na kwa maelezo hayo mtu anaweza kulipwa theluthi mbili ya mshahara wake, au robo tatu akiwa na wategemezi, kwa miaka mingi. Kifundo kilichoteguka kwenye ngazi hakina utata. Mgongo unaouma baada ya miaka 20 ya kubeba vifurushi una utata mwingi, kwa sababu umri nao huuma, na kuvitenganisha viwili hivyo kunahitaji ubobezi ambao hata daktari wa kawaida huwa hana.

Hoja hiyo, kwa maoni yangu, inahusu aina ya jeraha zaidi kuliko cheo cha anayetibu. Ajali ya siku moja, yenye shahidi na eksirei, ingeachwa kwa muuguzi hadi mwisho. Maradhi ya muda mrefu yangeendelea kupelekwa kwa bingwa. Lakini waungaji mkono nao wasitarajie makubwa kutokana na saini pekee. Madaktari wengi huwakwepa wagonjwa wa fidia kwa sababu ya wingi wa fomu na malipo yanayochelewa, na muuguzi anayeendesha kliniki peke yake ana muda mchache zaidi wa kuzijaza fomu hizohizo.