Mpangaji wa Saba

Wanaolisifu gari la umeme kwamba halina usumbufu, kwa kuwa unalichomeka usiku na kuamka asubuhi limejaa, hawataji kwamba wao wana nyumba zao. Mimi ninaishi Ilomba, hapa jijini Mbeya, katika vyumba viwili vya kupanga, ndani ya nyumba yenye wapangaji sita na LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, na gari langu la umeme, ambalo bado sijalinunua, limekwisha kunigombanisha na wapangaji wote watano waliobaki.

Chanzo cha yote ni shemeji yangu, kaka wa mama watoto, mtu anayesoma mengi na kulipia machache. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba Marekani serikali ilikuwa ikimpunguzia mnunuzi wa gari jipya la umeme kodi ya hadi dola 7,500, na mnunuzi wa la mtumba hadi dola 4,000, ilimradi bei ya hilo la mtumba isizidi dola 25,000. Nilimsikiliza kwa adabu zote, kisha nikachukua kalamu. Nafuu hiyo, kwa utaratibu wake wa kawaida, ilikuwa ya kupunguza kodi ya mapato unayodaiwa kwa mwaka, wala haikuwa fedha ya kupewa mkononi, na sehemu ambayo kodi yako haikutosha kuimeza ilipotea, haikuhamia mwaka unaofuata. Sasa mtu mwenye kipato kinachotozwa kodi cha shilingi 800,000 kwa mwezi, ambaye ni mtu ninayemfahamu kwa karibu sana, hapa Tanzania hukatwa shilingi 78,000 kila mwezi. Kwa mwaka hiyo ni shilingi 936,000. Dola 7,500 ni zaidi ya milioni kumi na nane, kwa hiyo mtu huyo angelazimika kulipa kodi kwa takriban miaka ishirini ndipo alingane na nafuu aliyokusudiwa kupewa kwa mwaka mmoja. Nafuu inayotaka uwe tajiri kwanza ndipo ikusaidie, sisi huku huiita majaribu.

Shemeji akanijibu kwamba kuanzia 2024 Wamarekani walilegeza, mnunuzi akaruhusiwa kumwachia muuzaji haki hiyo na kupunguziwa bei palepale dukani. Hilo lingenifaa sana, isipokuwa kwamba nafuu yote ilifutwa kwa magari yaliyonunuliwa baada ya tarehe 30 Septemba 2025, na isipokuwa kwamba mimi kwa upande wa kaskazini sijavuka Dodoma. Alipoona nimenyamaza akahamia Norway, ambako kwa miaka mingi magari ya umeme yalisamehewa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya 25%, na mwaka 2024 karibu magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Halafu akataja Ethiopia, ambayo mwaka huohuo ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Shemeji anazijua nchi za watu kwa kodi zao, lakini ukimuuliza bei ya gunia la mkaa pale Mwanjelwa, anakuangalia kama mgeni.

Huku kwetu gari la mtumba kutoka Japani likishuka bandarini Dar es Salaam hukutana na ushuru wa forodha wa 25%, kisha VAT ya 18% inayopigwa juu ya jumla hiyo, na likiwa limezeeka kupita miaka iliyowekwa, huongezewa ushuru wa uchakavu. Mtu akizeeka anapewa shikamoo. Gari likizeeka linapewa ankara. Na sisi tusiokuwa na uwezo tunatazama magari yaliyozeeka tu, kwa hiyo kila tunapolisogelea lile la bei nafuu, ushuru nao unatusogelea.

Gari lenyewe ninalolitamani ni Nissan Leaf ya mwanzo, lile lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010 likiwa na betri ya kilowati-saa 24. Kwa vipimo vya Marekani lilikuwa likienda kilomita 117 hivi likiwa jipya. Maneno "likiwa jipya" ndiyo yaliyoniondolea usingizi, maana betri ya Leaf hiyo haina mfumo wa kuipoza kwa maji, hupozwa na hewa tu, na kadiri miaka inavyopita na joto linavyoipiga ndivyo uwezo wake unavyopungua. Uzuri ni kwamba gari lenyewe halifichi: pembeni ya kipimo cha chaji kwenye dashibodi kuna vijisanduku 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri, na kila betri inapochoka kiasi fulani kisanduku kimoja huzimika moja kwa moja. Ubaya ni kwamba wanaouza wanalijua hilo kuliko mimi. Nimeona matangazo ambamo muuzaji amepiga picha matairi manne, tairi la akiba, viti, mikeka ya miguuni na hata mfuniko wa mahali pa kuweka miwani, vyote vikiwa safi na vyenye mwanga wa kutosha. Lakini picha ya dashibodi imepigwa kwa pembeni, na mng'ao wa jua umetua barabara juu ya vile vijisanduku. Nimeikuza picha moja kwenye simu hadi ikabaki mabaka matupu, nikageuza simu, nikapandisha mwanga, nikamwita mwanangu mwenye macho mazima. Aliniambia, "Baba, naona vitano, au ni vumbi la kioo chetu." Nikaipangusa simu, vikabaki vinne.

Tena huku ni Mbeya. Jiji lipo kwenye mwinuko wa mita kama 1,700, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake inawafanya hata wazaliwa wa hapa wavae koti juu ya koti. Betri za lithiamu hazipendi baridi. Umbali hupungua, na ukiwasha joto ndani ya gari unazidi kuula umeme uleule uliopaswa kukufikisha. Kwa upande mwingine, gari la umeme likishuka mlima mota yake hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, jambo ambalo shemeji hulieleza kwa furaha kana kwamba amelibuni yeye. Ninakubali kwamba kutoka Tukuyu kuteremka Kyela ningefika nikiwa na chaji ya kujivunia mbele za watu. Lakini hakuna mtu wa Mbeya anayeshuka Kyela ili abaki huko. Anashuka kununua mchele, na akishaununua anapanda na magunia yake, na mlima hudai kila alichokopesha pamoja na riba.

Haya yote ningeyavumilia. Kilichonishinda ni LUKU.

Hesabu ya umeme wenyewe, kwa haki, ni nzuri mno. Kujaza betri ya kilowati-saa 24, ukijumlisha na umeme unaopotea kama joto wakati wa kuchaji, tuseme ni uniti 27, maana uniti moja ni kilowati-saa moja. Kwa tarifa ya kawaida ya shilingi 292 kwa uniti, ambayo ikishaongezewa kodi na tozo hufika kama 356, hiyo ni chini ya shilingi 10,000. Kwenda zile kilomita 117 kwa gari dogo la petroli ni lita kama kumi, na bei yake siiandiki hapa kwa sababu EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ila imezidi shilingi 25,000 kwa muda mrefu sasa. Nilipoona tofauti hiyo nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mama watoto akauliza kama nimeumwa na kitu.

Katika nyumba yetu, hata hivyo, uniti hazinunuliwi kwa hesabu ya tarifa. Zinanunuliwa kwa hesabu ya chuki. Tunachanga kwa vifaa: taa na simu ni fungu moja, televisheni inaongeza fungu, pasi ina fungu lake, na mama anayeuza barafu za ukwaju analipa mafungu mawili kwa ajili ya jokofu lake, ingawa wote tunaamini yangepaswa kuwa matatu. Mita iko koridoni, na LUKU ikiisha saa saba za usiku ndipo utajua tabia za watu, kwa maana kila mmoja anajifanya amelala hadi atokee mnyonge mmoja wa kuingiza tarakimu 20 kwa tochi ya simu. Mnyonge huyo kwa kawaida ni mimi.

Niliposema kwamba ninafikiria kuleta gari la kuchajiwa, kikao kiliitishwa kabla sijamaliza sentensi. Aliyekuwa wa kwanza kusimama na kulaani matumizi mabaya ya umeme alikuwa kijana wa chumba cha mwisho, mwenye sabufa inayotikisa vikombe vyangu kabatini kila Jumamosi tangu asubuhi. Dada mshonaji akauliza gari linakula sawa na vyerehani vingapi. Nikasema, kwa ukweli ambao sasa ninaujutia, kwamba kebo ya kawaida ya kuchajia nyumbani huvuta kama kilowati 2.3, ni kama pasi mbili zimewashwa kwa pamoja, na kwamba pasi hizo zingewaka kwa saa kama kumi na mbili hivi. Mama wa barafu akaguna kwa sauti ambayo sijaisikia tangu wizi wa kuku. Akapendekeza gari liandikwe kuwa mpangaji wa saba, lichangie fungu lake kamili la umeme, maji na taka, na liingizwe kwenye zamu ya kufagia uwanja, kwa sababu ndilo litakaloukalia.

Nikaleta fundi umeme ili atoe ushauri wa kitaalamu na kuwatuliza watu. Alifungua soketi ya chumbani kwangu, akavuta waya nje kwa vidole viwili, akautazama kwa huzuni. Ulikuwa wa milimita za mraba 1.5, waya wa taa, mahali ambapo panahitaji 2.5. Akaufuata hadi ukutani, akakuta umeungwa kwa gundi ya karatasi na kufunikwa kwa kipande cha mfuko wa sukari. "Bosi," akaniambia, "hapa ukichomeka gari usiku kucha, gari litachaji kidogo na nyumba itaungua nyingi." Watu wote walikuwa wamesimama mlangoni. Ushauri huo haukumtuliza mtu.

Ilinibidi niende kwa baba mwenye nyumba kuomba ruhusa ya kuweka mita yangu mwenyewe na waya mpya. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza kwamba kwa bei zilizotangazwa mwaka 2022, kuunganishiwa umeme mjini bila nguzo ndani ya mita 30 ni shilingi 320,960, ingawa kijijini ni 27,000 tu, na kwamba ningelipa mimi. Nikamweleza pia, ili aone kwamba nimesoma, kwamba mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, ila gari likijazwa mara tatu tu limekwisha kuzivuka zote kabla sijawasha taa, kwa hiyo nafuu hiyo nayo nimeisamehe. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akamaliza chai yake, kisha akasema, "Mwanangu, hongera sana. Mtu mwenye gari hawezi kuendelea kulipa kodi ya elfu sabini." Nikamweleza kwamba gari sina. Akasema ataanza kuipandisha mwezi wa saba, ili nipate muda wa kulinunua.

Nilirudi nyumbani nikiwaza mambo ya nchi. Mto Ruaha Mkuu unakusanya maji yake Usangu, mkoani kwetu, yanakwenda kuzungusha mitambo ya Mtera na Kidatu, yanaingia Rufiji, na huko Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Mimi katika zote hizo ninaomba kilowati mbili na kipande, na zinanishinda kwa sababu ya mita tano za waya na kipande cha mfuko wa sukari.

Nilipofika nilikuta kikao cha pili kinaendelea bila mimi. Inaonekana shemeji alipita kunisalimia, akanikosa, akawaeleza wenzangu jinsi gari la umeme lisivyo na kelele, lisivyohitaji kubadilishwa oili, na lisivyotoa moshi, na mioyo imelainika. Wamekubali gari lichajiwe kuanzia saa tano usiku, jokofu likishagandisha, kwa masharti ambayo mwalimu wa chumba cha tatu aliyaandika kwa kalamu nyekundu. Siku za gulio gari litabeba ndoo za barafu hadi Uyole. Jumapili litawapeleka wanaosali, kwa awamu, Walutheri kwanza na Wamoraviani baadaye. Kijana wa sabufa ameuliza kama redio ya gari inaweza kuwashwa likiwa limeegeshwa, akajibiwa kwamba inawezekana, na tangu hapo ndiye mtetezi wangu mkubwa. Baba mwenye nyumba ametuma ujumbe kwamba naye anazo safari zake za hospitali.

Hoja pekee iliyoshindwa kupata mwafaka, na ambayo imesababisha dada mshonaji na mama wa barafu wasisalimiane hadi sasa, ni nani atakaa kiti cha mbele.