Gari likimisi, pimeni kwanza jamani

Hivi kwa nini gari likianza kumisi tu, yaani injini haichomi mafuta sawasawa, fundi anakutuma dukani? Langu ni la silinda 4. Kwenye foleni lilikuwa linatetemeka mpaka usukani, taa ya injini inawaka na kuzima. "Bosi, lete plagi 4." Nikaleta. Likamisi vilevile. "Basi hiyo ni pampu ya mafuta." Nikaleta. Kesho yake, kilima cha kwanza, linakohoa tena.

Na mashine ya kupima ilikuwepo hapo hapo gereji, kabatini! Kuichomeka chini ya usukani ni dakika 2. Nilipong'ang'ania ikatoa P0302: silinda ya pili haichomi sawasawa. Tukabadilishana koili (kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) ya pili na ya tatu, tukawasha, tukapima upya. Ikasoma P0303: sasa ni silinda ya tatu. Tatizo limehama na koili, basi koili ndiyo mbovu. Mpira wake ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kistari cheusi pale cheche ilipokuwa inatorokea.

Mafundi wetu wana mikono, hilo silikatai. Lakini kubahatisha kwa hela ya mteja kunauma sana. Pampu yangu ya zamani, nzima kabisa, iko kwenye buti, na ile mpya dukani wamekataa kuipokea.