Kibandiko cha HD hakikuleta HD

Dar es Salaam ilizima mitambo ya televisheni ya analojia na kuhamia dijitali usiku wa Desemba 31, 2012. Dodoma na Tanga zikafuata, kisha Mwanza, Arusha na Mbeya. Makubaliano ya kimataifa ya Geneva ya mwaka 2006 kuhusu kuhamia dijitali yalitupa hadi Juni 17, 2015, lakini sisi tulikuwa na haraka. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ugomvi wangu ni picha tuliyoahidiwa na picha iliyoingia sebuleni.

Kitu kimoja tuwape haki yao: chenga ziliisha. Kile kivuli cha mtangazaji kilichokuwa kikimfuata begani kama mtu wa pili, nacho kikaondoka. Kwa Dar es Salaam, ambako kabla ya 1994, Bara ikiwa bado haina televisheni, kuna watu walisimamisha milingoti mirefu ili wainase TVZ, televisheni ya Zanzibar, kutoka Unguja, hiyo haikuwa hatua ndogo.

Lakini wakati huohuo maduka ya Kariakoo yalijaa flati zenye kibandiko cha "Full HD" kwenye kona, na wauzaji wakatuaminisha kwamba king'amuzi ukijumlisha na flati unapata HD, yaani picha yenye ubora wa juu. Mzee mmoja mtaani kwetu aliitikia wito, akanunua flati ya inchi 40, akakaa nayo wiki kadhaa kisha akatangaza kwamba TV yake ya chogo ilikuwa inaonyesha vizuri zaidi. Vijana walimcheka sana. Mimi nilienda nikakaa naye, tukatazama taarifa ya habari pamoja. Mzee alikuwa sahihi.

Hesabu yake ni hii. Matangazo ya kawaida tuliyokuwa tukirushiwa yana mistari 576 ya picha. HD kamili ina mistari 1080, na ukihesabu nukta zote inazidi ile ya kawaida mara tano. Flati ya mzee ilikuwa inapokea picha ndogo na kulazimika kuitandaza kwenye kioo kikubwa, ikijibunia nukta zilizokosekana. Chogo halikuwa na kazi hiyo, maana picha ilikuwa saizi yake, na ukungu kidogo wa kioo chake ulificha aibu nyingi. Isitoshe, mzee alikuwa ameunganishiwa kwa ule waya wa njano, mwekundu na mweupe. Wa njano ndio unaobeba picha, na hauwezi kubeba HD hata ukiuomba. Tundu la HDMI, waya unaoweza kubeba HD, lilikuwepo nyuma ya king'amuzi, ila waya wake haukuwemo kwenye boksi. Na fundi alikuwa ameacha picha ivutwe ijaze kioo, hivyo kila msomaji wa habari alionekana amenenepa mashavu.

Tulipompatia waya wa HDMI, maandishi ya menyu yakang'aa kama yamechapwa jana. Nyuso za watu zilibaki vilevile. Ubora hauzaliwi kwenye waya. Kama kamera ya studio, mtambo wa kurushia au king'amuzi, chochote kati ya hivyo hakina HD, kibandiko kwenye kona ni pambo tu.

HD yenyewe niliiona kwanza nyumbani wakati wa Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil, kupitia dishi la kulipia. Niliona mikunjo ya jezi. Niliona jasho shingoni mwa beki kabla kona haijapigwa, na nyasi zikawa nyasi. Kesho yake nikirudi chaneli za antena, mpira ukienda kasi nyasi zinageuka doa moja la kijani na wachezaji wanakatika vipande vya mraba.

Vipande hivyo vina sababu, nayo haitajwi kwenye matangazo ya biashara. Masafa ambayo analojia ilibeba chaneli moja, dijitali inabeba zaidi ya kumi, na kila chaneli inayoongezwa inapunguza nafasi ya wenzake. Wenye mitambo wakafanya kama kondakta wa daladala ya Mbagala: sogea nyuma, bado kuna nafasi. Mahojiano ya watu waliokaa kwenye viti yanavumilia kubanwa huko. Mpira hauvumilii, kwa sababu picha yote inabadilika kila mara na inadai nafasi zaidi.

Dijitali ilikuja na adabu zake nyingine. Zamani mmoja alipanda juu ya bati kuzungusha antena, mwingine akapiga kelele dirishani "Bado! Bado! Hapohapo!" Mbinu hiyo ikafa. King'amuzi kinachukua sekunde kadhaa kuishika picha, kwa hiyo ukisikia "hapohapo" mwenzio juu keshapita. Ikabidi uzungushe kidogo, usubiri, utazame ile mistari miwili ya nguvu na ubora wa mawimbi. Na hakuna tena kuona kwa shida: ama picha ipo kamili, ama inaganda na kupotea. Halafu kuna "gooo" ya mtaa. Kila king'amuzi kinachelewa kivyake, basi bao moja linashangiliwa mara tatu, na mwenye redio ndiye wa kwanza kuwaharibia wengine.

Kwa maoni yangu tulipewa wingi badala ya ubora, na bado tunauziwa hivyohivyo: "chaneli zaidi ya mia." Boksi la king'amuzi lingetakiwa kuandika wazi ni chaneli zipi kweli zinarushwa kwa HD, si kwamba king'amuzi "kinakubali HD". Na kama nafasi ni finyu, wanipunguzie chaneli thelathini nisizozifungua mwaka mzima, nafasi hiyo wapewe Simba na Yanga pamoja na taarifa ya habari ya saa mbili usiku.